IST ikipoa inawaka kwa robo stata, ikipata moto inagoma: acheni kununua betri

#1 SpanaKumi
Wakuu salaam.

Kuna ugonjwa mmoja unamaliza hela za vijana wenye IST, Probox, Raum new model na ndugu zao wa injini ya 1NZ na 2NZ. Asubuhi gari inawaka kwa robo stata. Unatoka Mbagala mpaka Kariakoo, foleni imekula saa nzima, unazima dakika kumi uingie dukani. Ukirudi, stata inazungusha kwa nguvu zote lakini injini haishiki. Ukifungua boneti ukaiacha dakika 20 hadi 30, inawaka kama vile haijawahi kukusumbua. Fundi wa kwanza anakuuzia betri, wa pili plagi, wa tatu pampu.

Dai langu: hiyo ni sensa ya krenki, ile inayosoma mzunguko wa shafti kuu ya injini. Imekaa chini upande wa mkanda, jirani na puli ya krenki, na inaokwa na joto la injini. Ndani yake mna koili ya waya mwembamba sana. Waya ukichoka, joto likipanda unatanuka na kuachia, ukipoa unagusana tena. Bila ishara ya hiyo sensa kontroli boksi (kompyuta ya injini) haijui pistoni zimefika wapi, kwa hiyo haitoi moto wa plagi wala mafuta. Mwenye hoja nyingine alete, ila aje na kipimo.

#2 Fyuzi15
Umekurupuka mkuu. Cha kwanza hapo ni pampu. Weka swichi ON bila kupiga stata, tega sikio siti ya nyuma. Isipolia "zzz" sekunde mbili, pampu imekwisha. Iko chini ya siti hiyo hiyo, unafungua kifuniko tu, tenki halishushwi.

#3 MzeeMultimita
Fyuzi15, hicho ni kipimo cha gari nyingi za Ulaya, na Nissan. Toyota za kizazi hiki ukiweka ON pampu inakaa kimya, na ni nzima kabisa. Relei yake (swichi inayoamshwa na umeme), ile imeandikwa C/OPN kwenye boksi la fyuzi, inaamshwa na kontroli boksi pale tu stata inapopiga na ishara ya krenki ikawa inaingia. Pampu nzima ngapi zimetupwa kwa sababu ya huo ukimya!

Na hapo hoja ya SpanaKumi inapata mguu mmoja na kupoteza mwingine. Sensa ikifa, pampu nayo hainguruki. Kwa hiyo ukikuta pampu haina umeme, mshtakiwa anaweza kuwa pampu, relei, sensa au waya wa yeyote kati yao. Angalia mshale wa rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) wakati mwenzako anapiga stata. Ukiinuka kidogo, 200 hadi 300 hivi, ishara ipo. Ukilala kwenye sifuri, anza na sensa na soketi yake.

#4 Fyuzi15
La ON nimekubali. La mshale sijakubali lote, kuna dashibodi ambazo mshale mzito hauinuki mpaka injini ishike.

#5 dogo_wa_IST
Shikamooni wakuu. IST ya 2003, 2NZ, oto. Ugonjwa ni huo huo wa #1. Ila kuna siku stata yenyewe haizunguki, inalia "tak" moja tu basi. Imefungwa alamu, amplifaya na sabwufa ya inchi 12. Fundi anasema nunua stata. Ninunue?

#6 MzeeMultimita
Marahaba. Usinunue kitu kwanza. Hayo ni magonjwa mawili kwenye kitanda kimoja. "Inazunguka haishiki" ni habari ya moto, mafuta na sensa. "Tak haizunguki" ni habari ya umeme mzito kutoka betri mpaka stata. Ukiyachanganya utalipia yote mawili na usipone hata moja.

Tuanze na tak. Mita weka volti 20 za DC. Gari ikiwa imelala usiku kucha, betri iliyojaa inasoma 12.6. Ikisoma 12.4 imebaki robo tatu, 12.2 nusu, chini ya 12 hiyo imelala. Sasa mwenzako apige stata huku macho yako yakiwa kwenye mita. Isishuke chini ya 9.6. Ikiporomoka mpaka 7 na taa za dashibodi zikafifia, betri imechoka au stata imekaza. Ikibaki 12 na kitu huku unasikia tak, betri ni nzima, umeme ndio haufiki.

Umekwama wapi? Ncha nyekundu ya mita iguse nguzo ya chanya ya betri, ile risasi yenyewe, siyo kichwa cha waya. Nyeusi iguse boliti nene ya stata inayopokea waya wa betri. Mwenzako apige. Ukisoma zaidi ya volti 0.5, waya au kichwa chake ndiyo shida. Rudia upande wa ethi, yaani njia ya hasi kutoka betri kwenda bodi na injini: ncha moja nguzo ya hasi, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini. Hapo isizidi 0.2. Gari za pwani ethi ndiyo inayotangulia kufa, boliti ya bodini inaota kutu chini ya rangi na kwa juu inang'aa.

Njia zote zikiwa safi na bado tak, ni zile shaba mbili ndani ya solenoidi (swichi kubwa ya stata) zimelika. Moja huwa inalika zaidi, ile pete ya plunja inagusa upande mmoja na kukosa wa pili. Shaba na plunja vinauzwa peke yake, huhitaji stata nzima. Kabla hujagusa stata ng'oa kwanza waya hasi wa betri, spana namba 10. Waya wa stata hauna fyuzi. Spana ikigusa bodi utaona fataki.

#7 KibokoYaFoleni
Mbona huku uswahilini tunaigonga stata na nyundo inawaka?

#8 MzeeMultimita
Inawaka kwa sababu unazishtua kaboni zilizoisha au plunja iliyonata. Ni ya kukufikisha gereji. Stata nyingi ndogo zina sumaku za kugandishwa ndani, nyundo ikizipasua vipande vinaingia kwenye rota na hapo utanunua stata kweli.

#9 BintiGereji
Nawarudisha kwenye mada. SpanaKumi hujauliza swali la msingi: ikigoma ikiwa ya moto, ukikanyaga eksileta kidogo, kama robo, inawaka? Kama inawaka, sensa ya krenki haina kesi. Sensa haijali mguu wako.

Hiyo ni hewa. Throto ya waya ya hizi injini (mlango wa hewa unaovutwa na pedali) ina vali ndogo ya sailensa (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta) inayopitisha hewa wakati umeachia pedali. Ikijaa masizi inakwama karibu na kufunga. Ikiwa baridi bado inapata upenyo, ikiwa ya moto kontroli boksi inaitaka ifunge zaidi na kwa uchafu ule inafunga jumla. Dalili nyingine: ukiwasha AC kwenye foleni sailensa inashuka na gari inataka kuzima.

Toa bomba la hewa, fungua throto, safisha kwa dawa ya throto na mswaki laini. Dawa isitiririke kwenye soketi ya umeme, na usichokonoe kile kitundu kwa bisibisi. Ukimaliza usishangae sailensa ikipanda au ikiwa ya kubabaika siku ya kwanza, kontroli boksi inajifunza upya.

#10 dogo_wa_IST
Dada, ukikanyaga kuna siku inawaka kuna siku haiwaki.

#11 BintiGereji
Hapo umenikata maini 😂

#12 PwaniTurbo
Amekukata kwa sababu jibu ni presha ya mafuta. Injini ikizimwa ya moto, joto chini ya boneti linapanda kwanza kabla ya kushuka, feni na upepo vimesimama. Mafuta kwenye reli ya nozeli (bomba linalozigawia mafuta) yanachemka kama presha imeshuka. Kinachoshikilia presha ni vali ya kuzuia kurudi iliyo ndani ya pampu. Ikivuja, mafuta yanarudi tenki na kwenye reli kunabaki mvuke. Unapiga stata ndefu mpaka mvuke utoke.

Vipimo: presha ya hizi NZ ni kPa 304 hadi 343, kama baa 3 na ushee. Zima, subiri dakika 5, lazima ibaki angalau kPa 147. Reli yake haina kichuchu cha kupimia kama zile za Kimarekani, unachomoa bomba na kuweka adapta ya njia tatu. Wafundi wengi hawana hiyo adapta ndiyo maana hawapimi, wanauza pampu. Kabla ya kuchomoa bomba chomoa relei ya C/OPN, piga stata mpaka presha iishe, la sivyo unakula petroli usoni.

Na ule ujanja wa "weka ON mara tatu ndipo upige" hapa haufanyi kitu, rudi #3 uone kwa nini.

#13 SpanaKumi
PwaniTurbo, ya kwako inachelewa kuwaka, haigomi nusu saa. Stata ya sekunde nane na mafuta yamefika. Mimi nazungumzia gari iliyokufa kabisa.

Kipimo changu hiki: ikigoma ikiwa ya moto, loweka kitambaa kwa maji baridi, kiweke juu ya sensa dakika mbili, piga. Ikiwaka papo hapo umemkamata mwizi na ngozi mkononi. Au pima omu (ukinzani wa koili ya sensa) ikiwa baridi, pima tena wakati imegoma. Mita ikisema hakuna njia kabisa, huna haja ya kubishana na mtu.

#14 PwaniTurbo
Kitambaa chenye maji kinapoza na soketi, na waya, na dakika zinasonga. Umempoza mtaa mzima halafu unamkamata mmoja. Cha omu nakubali, na uitikise soketi wakati unapima. Soketi yenye oili kutoka sili ya mbele ya krenki inaleta usumbufu ule ule na sensa ni mpya.

#15 Makanika254
Habari zenu kutoka Nairobi. Mmesahau sensa ya joto la maji, ile ndogo ya waya mbili. Pima: kwa nyuzi 20 inasoma kama kilo-omu 2.3 hadi 2.6, kwa nyuzi 80 inashuka kama 0.31 hadi 0.33. Ikiwa injini ni ya moto na sensa bado inasoma 2, kontroli boksi inadhani ni asubuhi ya baridi ya Limuru, inamwaga mafuta mengi, plagi zinalowa. Toa plagi uone, ikiwa nyeusi na inanuka petroli, hiyo ni mafuriko wala si njaa.

Njia rahisi ya bila mita: ikigoma ikiwa moto, chomoa soketi ya hiyo sensa kisha upige stata. Kontroli boksi ikikosa sensa kabisa inajipangia nyuzi 80 yenyewe. Ikiwaka, sensa ilikuwa inadanganya. Taa ya cheki injini itawaka, hiyo ni kawaida.

Na ikiwa imeshalowa, kanyaga mafuta mpaka chini, ushikilie hapo, piga stata sekunde tano. Gari nyingi za EFI (nozeli zinaongozwa na kompyuta) zinakata nozeli ukifanya hivyo, hewa inakausha. Usizidishe sekunde kumi kwa mpigo, ipumzishe stata nusu dakika.

#16 KibokoYaFoleni
Tuhesabu: betri, stata, ethi, pampu, relei, sensa ya krenki, sensa ya maji, throto. Dogo nunua gari nyingine, hii wape chuo cha ufundi 😂😂

#17 Fyuzi15
Mbona kodi (namba za makosa zinazosomwa na mashine) hamzitaji? Mashine ingesema P0335 kwa krenki au P0115 hadi P0118 kwa joto la maji, mkalala mapema.

#18 MzeeMultimita
Vile visomaji vidogo vya bluetooth mara nyingi haviongei na gari za miaka ile zilizotengenezwa kwa soko la Japani. Skrini inasema haijaunganishwa, kijana anasema gari haina kosa. Njia ya zamani ni kuunga tundu namba 4 na 13 kwenye soketi ya dayagnosis kwa kipande cha waya, swichi ON, kisha uhesabu taa ya cheki injini inavyokonyeza. 12 na 13 ni familia ya ishara ya krenki, 22 ni joto la maji. Hesabu matundu mara mbili kabla ya kuchomeka, namba 16 ni moto wa betri moja kwa moja. Na sensa inayokufa kwa dakika 20 mara nyingine haiachi kodi yoyote.

#19 KatibuWaRelei
Nimesoma yote, na hakuna aliyeligusa neno alilolisema dogo mwenyewe pale #5: ALAMU.

Alamu za bei poa zinafungwa hivi. Fundi anakata waya mmoja chini ya usukani, anaingiza relei ya ampia 30. Waya uliokatwa unaingia mguu wa 30 na kutokea 87a, ambao umefungwa kwa kawaida. 85 na 86 ni za kuiamsha. Ukiiwasha alamu relei inavuta, njia inakatika. Hakuna shida kwenye mchoro. Shida ni viungo: waya zimesokotwa kwa vidole, zimezungushiwa tepu, na ile gundi ya tepu kwa joto la Dar inayeyuka mwaka wa kwanza tu. Kiungo kinalegea, kinapata joto, kinalegea zaidi.

Sasa sikilizeni. Fundi akikata waya wa stata, utapata "haizunguki". Akikata waya wa moto wa injini au wa pampu, utapata "inazunguka haishiki", tena kabini ikipikika juani. Wengine wanakata zote mbili, wanaiita dabo. Dogo ana dalili zote mbili. Mimi siamini kwenye magonjwa mawili ya MzeeMultimita, naamini kwenye relei mbili.

Kipimo: fungua plastiki chini ya usukani, fuata waya za alamu mpaka kwenye relei. Ikigoma, iguse. Relei yenye kiungo kibovu inakuwa ya moto na plastiki ya mguu wa 30 au 87a inageuka kahawia. Chomoa relei, waya wa 30 na wa 87a viunge pamoja. Ikiwaka, umemaliza. Halafu rudisha waya za gari kama zilivyotoka kiwandani, kwa kulehemu, siyo kusokota.

#20 SpanaKumi
Katibu, Probox za daladala za mikoani hazina alamu na zinagoma.

#21 KatibuWaRelei
Nimejibu gari ya dogo, sijajibu Probox zote za Tanzania.

#22 BintiGereji
Na huo muziki nao una kesi yake. Waya wa rimoti wa amplifaya (ule wa kuiamsha) ukiungwa kwenye moto wa kudumu badala ya wa redio, amplifaya hailali. Ikinywa nusu ampia tu, ni ampia-saa 12 kwa siku, na betri ndogo ya ampia-saa 35 siku tatu hivi imekwisha. Pima: mita kwenye ampia 10, iweke katikati ya nguzo hasi na waya wake, milango imefungwa, subiri dakika 20 vitu vilale. Kawaida ni chini ya miliampia 50. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja mpaka ishuke. Waya mnene wa amplifaya uwe na fyuzi yake karibu na betri, kabla haujapita kwenye ukuta wa injini. Fyuzi iliyoko kwenye amplifaya haiulindi waya wenyewe.

Na ole wenu wa balbu za wati 100 kwenye waya wa wati 55. Mbili zinakula ampia 16 na ushee kupitia swichi ya taa. Wekeni relei.

#23 KibokoYaFoleni
Tukiwa huku kwenye kutengeneza gari kupendeza, nikitoa masega (kile kichujio cha moshi kwenye eksozi) inavuta zaidi?

#24 PwaniTurbo
Kwa 1.3 utaongeza kelele. Sensa ya oksijeni ya nyuma italalamika kama ipo, petroli itanuka ndani.

#25 Makanika254
Afadhali masega. Wanaotoa themostati (vali ya maji ya kupozea injini) "kwa sababu Afrika kuna joto" ndio wananiudhi. Inaanza kufungua nyuzi 80 hadi 84. Bila hiyo, ukitembea barabara kuu injini inakaa baridi, kontroli boksi inazidisha mafuta, halafu mtu anauliza mbona inakunywa. Weka kulanti na feni izunguke, basi.

#26 Fyuzi15
Tumepotea njia. Dogo, cheki altaneta pia. Gari ikiwa imewaka chomoa waya hasi wa betri. Isipozima, altaneta iko poa.

#27 MzeeMultimita
USIFANYE HIVYO DOGO. Betri ndiyo inayotuliza volti. Ukiichomoa injini ikizunguka, volti zinaruka juu ghafla, kontroli boksi au altaneta yenyewe inaungua. Weka mita kwenye nguzo za betri gari ikiwa imewaka: 13.5 hadi 14.5 ni nzima. Washa taa na AC, isishuke chini ya 13. Fyuzi15 leo una siku mbaya.

#28 Fyuzi15
😂 Nimekaa kimya.

#29 dogo_wa_IST
Mrejesho wakuu. Betri usiku 12.5, ikipigwa stata 10.1. Ethi ilisoma 0.6, tukakwangua boliti ya bodini mpaka chuma, ikashuka 0.1. Tak haijarudi siku nne. Throto ilikuwa nyeusi, imesafishwa.

Kwenye kugoma ikiwa ya moto: fundi alifungua chini ya usukani akakuta relei mbili, moja imeungua mguu, akazitoa zote akaunga waya. Siku hiyo hiyo akabadilisha na sensa ya krenki maana alikuwa ameshainunua Gerezani. Jana foleni ya Ubungo saa moja na nusu, nikazima, nikawasha mara sita. Inawaka.

#30 KatibuWaRelei
Nilisema.

#31 SpanaKumi
Ulisema nini? Sensa imebadilishwa hiyo.

#32 BintiGereji
Na throto je?

#33 MzeeMultimita
Mmefanya mambo matatu kwa mpigo, hapo hata mimi sina hukumu. Dogo, ile sensa ya zamani unayo? Irudishe siku moja, uende foleni, ikigoma uipime omu hapo hapo.

#34 dogo_wa_IST
Ninayo mzee. Ila siirudishi ng'o.

#35 SpanaKumi
Basi nitumie mimi, nitaichemsha kwenye sufuria na mita.

#36 PwaniTurbo
Chemsha, lakini presha hamkupima.